Mwongozo wa Kumshika Tajiri Asiyeshikika

Mahitaji: daftari moja, simu yenye nafasi ya kutosha kuhifadhi picha, wakili asiyetishwa na majina makubwa, wazazi wenzako wasiopungua kumi, na subira ya miaka. Hasira sikuiorodhesha kwa sababu kila mzazi anayo tayari.

Unayekwenda kumshika ni mwenye mtandao wa kijamii. Ana fedha kuliko serikali nyingi za dunia hii. Akitaka kuliuzia matangazo duka la mtaani kwako, yupo. Akiulizwa habari za mtoto aliyeumia, hayupo. Ndiyo maana anahitaji mwongozo wake peke yake.

Hatua ya kwanza: mwondolee mwanao kesi. Ukisema binti yako wa miaka 12 halali usiku kwa sababu ya simu, utajibiwa neno moja: malezi. Shangazi atalisema, mwalimu atalisema, na tajiri atalisema kwa maandishi mazuri huku akikupa kijitabu cha ushauri kwa wazazi. Malezi ni kazi yako na usiikwepe. Lakini upande wa pili wa kioo kuna wahandisi wanaolipwa mishahara mizito ili video isiwe na mwisho, arifa ilie wakati mtoto anaanza kusinzia, na video inayofuata ianze kabla hajaamua kama anaitaka. Mtoto wa darasa la sita hajashindwa na uvivu wake. Ameshindwa na kiwanda.

Tajiri atakuonyesha kitufe cha kupunguza muda. Kabla hujashukuru, muulize kinapunguza dakika ngapi. Swali hili lina historia. Oktoba 2024, nyaraka za ndani za TikTok katika kesi iliyofunguliwa na jimbo la Kentucky, Marekani, zilisomeka ingawa zilikuwa zimefunikwa weusi, kwa kuwa weusi wenyewe ulipakwa vibaya. Humo ilionekana kwamba kampuni ilijaribu zana yake ya kumkumbusha kijana akifikisha dakika 60 kwa siku. Wastani wa matumizi ukashuka kutoka dakika 108.5 hadi 107. Dakika moja na nusu! Na nyaraka zilionyesha kuwa mafanikio ya zana hiyo yalipimwa kwa namna itakavyoongeza imani ya watu kwa kampuni kupitia vyombo vya habari. Kitufe kilitengenezwa kwa ajili ya magazeti. Mtoto wako hakuwamo katika hesabu.

Hatua ya pili: jifunze majibu yake kabla hajayatoa. Ni machache, na huwa hayabadiliki.

Jibu la kwanza ni "hatukujua". Beba majina mawili. Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoka na maelfu ya kurasa za ndani na kutoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani tarehe 5 Oktoba 2021. Kati ya kurasa hizo kulikuwa na utafiti wa kampuni yenyewe: asilimia 32 ya wasichana walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Siku hiyo hiyo, mhandisi Arturo Béjar alimwandikia Mark Zuckerberg barua pepe kumweleza yale ambayo vijana hukutana nayo ndani ya Instagram. Béjar naye alikuja kutoa ushahidi Novemba 2023, na takwimu aliyoibeba ingetosha kusimamisha biashara yoyote ya heshima: kati ya watumiaji wa miaka 13 hadi 15 walioulizwa, takriban mmoja kati ya wanane alisema ametongozwa kingono bila kutaka ndani ya siku saba zilizopita. Walijua. Waliandikiwa, wakapimiwa, wakachorewa michoro.

Jibu la pili ni "hatuwezi kujua umri wa kila mtu". Hilo lijibu bila haya. Kampuni inayomhakikishia mfanyabiashara kwamba itawafikia wanawake wa Mombasa wanaopenda mafuta fulani ya nywele haiwezi kukwambia kwamba mtumiaji anayefuata katuni na kuandika kuhusu mwalimu wake wa darasa la tano imemdhania mtu mzima. Na umri wa miaka 13 wanaouweka mlangoni usikutie moyo. Haukutoka kwa madaktari waliopima akili ya mtoto inabeba nini. Ulitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu ukusanyaji wa taarifa za watoto, na dunia nzima ikaurithi.

Hatua ya tatu ndiyo uti wa mgongo wa mwongozo huu, isome mara mbili. Usimshike tajiri kwa maneno ya watu. Mshike kwa mtambo wake.

Huko kwao Marekani kuna kifungu cha sheria ya mwaka 1996, kifungu cha 230, kinachosema kwa ufupi kwamba mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa ndiye aliyesema yale yaliyowekwa na mtu mwingine. Kwa miaka mingi kila mzazi aliyegonga mlango wa mahakama alionyeshwa kifungu hicho na kurudishwa nyumbani. Umekuja kulalamikia video? Hatukuitengeneza sisi. Ujumbe? Hatukuuandika sisi.

Kisha vikaja vifo vya vijana watatu wa Wisconsin mwaka 2017. Gari lao liliacha njia na kugonga mti. Dakika chache kabla, mmoja wao alikuwa amefungua Snapchat na kutumia filta iliyoonyesha mwendo wa gari juu ya picha. Ilisoma maili 123 kwa saa, karibu kilomita 200. Vijana wengi waliamini kwamba ukivuka maili 100 programu itakupa zawadi. Wazazi walishtaki. Kampuni ikachomoa kifungu cha 230 kama kawaida, na mahakama ya kwanza ikaifuta kesi.

Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliirudisha. Hoja yake ni rahisi hata fundi gereji anaielewa: wazazi hawa hawalalamikii picha ya mtu yeyote. Wanalalamikia filta, na filta ilitengenezwa na kampuni. Anayetengeneza bidhaa ana wajibu wa kutoitengeneza kwa namna inayomhatarisha mtu bila sababu. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kuiondoa filta hiyo, baada ya kuitetea miaka yote ile.

Kupitia ufa huo wameingia wengi. Oktoba 2023, majimbo zaidi ya 40 ya Marekani yaliishtaki Meta kwa madai kwamba ilisanifu Facebook na Instagram kwa namna inayowanasa watoto. Mwezi uliofuata, katika kesi za familia na shule, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa Oakland, California, aliyakata baadhi ya madai lakini akaruhusu mengine yaendelee: udhaifu wa kuhakiki umri, uduni wa vidhibiti vya wazazi, ugumu wa kufuta akaunti. Angalia orodha hiyo vizuri. Yote ni mambo ya kiwandani. Kwa hiyo unapoandika malalamiko yako, usiandike "mwanangu aliona mambo mabaya". Andika nani alimletea, saa ngapi, mara ngapi, na kwa kitufe gani kilichokataa kuzimika.

Hatua ya nne: tunza ushahidi. Mzazi akiona jambo baya kwenye simu ya mwanawe, mkono wake wa kwanza hufuta. Zuia mkono huo. Molly Russell, msichana wa London, alifariki Novemba 2017 akiwa na miaka 14. Baba yake, Ian Russell, alisukuma karibu miaka mitano hadi uchunguzi wa kifo cha binti yake uliposikilizwa Septemba 2022. Data zilipopatikana, ilibainika kwamba katika miezi sita ya mwisho alikuwa amehifadhi, kupenda au kusambaza machapisho 16,300 kwenye Instagram, na 2,100 kati yake yalihusu huzuni, kujidhuru au kujiua. Mchunguzi wa vifo, Andrew Walker, aliandika kwamba Molly alikufa kwa tendo la kujidhuru akiwa na sonona na athari mbaya za yale aliyoyaona mtandaoni. Mtandao ukaingia rasmi katika maelezo ya kifo cha mtoto. Bila data zile, lingebaki neno la baba mwenye msiba dhidi ya mawakili wa kampuni.

Basi andika tarehe, saa, jina la akaunti, na jibu ulilopewa uliporipoti. Hata "tumekagua na hatukuona ukiukaji" ni ushahidi, tena mtamu. Ila kwenye picha za utupu za mtoto, sikiliza sana: usiipige picha skrini hiyo, usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwa nia ya kuonya, usimtumie hata mjomba aliye polisi. Kuisambaza ni kosa na ni kumuumiza mtoto mara ya pili. Piga 116, namba ya kusaidia watoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya, kisha nenda polisi na simu yenyewe. Huduma ya Take It Down, iliyoanzishwa 2023, husaidia kuondoa picha za aina hiyo kwenye majukwaa yanayoshirikiana nayo, na haimlazimu mtoto kutuma picha yake kwa mtu yeyote.

Hatua ya tano ni fupi: usikubali samahani peke yake. Tarehe 31 Januari 2024 Zuckerberg alisimama ndani ya ukumbi wa Seneti, akawageukia wazazi walioshika picha za watoto wao na kuwaambia anasikitika kwa waliyoyapitia. Aligeuka baada ya Seneta Josh Hawley kumbana. Faini nazo zipime kwa mizani ya mfuko wa anayelipa. Septemba 2022, msimamizi wa data wa Ireland aliitoza Instagram euro milioni 405 kwa namna ilivyoshughulikia taarifa za watoto. Ni fedha nyingi mpaka ugawanye mapato ya Meta ya mwaka ule kwa siku 365. Utakuta haifiki mapato ya siku mbili. Uingereza imeelewa hesabu hiyo. Sheria yake ya Usalama Mtandaoni ya 2023 inaruhusu faini ya hadi asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote. Australia nayo, tangu 10 Desemba 2025, inazitaka kampuni zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16, na faini yake, inayofika dola za Australia milioni 49.5, inaiangukia kampuni. Mtoto na mzazi hawatozwi hata senti.

Hatua ya sita: mshike hapa hapa. Tumezoea kudhani kwamba kesi hizi ni za Wamarekani. Meta ilipofunguliwa kesi Nairobi mwaka 2022 na Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja machapisho ya kutisha kupitia kampuni ya Sama, ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikataa. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inaweza pia kusikiliza kesi inayodai kwamba Facebook ilichochea mauaji nchini Ethiopia. Kesi hizo hazihusu watoto, lakini mlango uliofunguliwa unapitika na mzazi pia.

Na sababu za kupita zipo. Machi 2025 BBC ilitangaza uchunguzi kuhusu wasichana wa Kenya, wengine wa miaka 15, wanaotumiwa katika matangazo ya laivu ya kingono kwenye TikTok, wakilipwa kwa zawadi za mtandaoni ambazo kampuni huchukua fungu lake. Uchunguzi wa awali wa BBC, wa mwaka 2022 katika kambi za wakimbizi wa ndani nchini Siria, ulikuta fungu hilo linafika asilimia 70. Kampuni husema haivumilii unyonyaji wa watoto. Basi irudishe fungu.

Sheria za kuanzia tunazo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayodai ridhaa ya mzazi kabla ya kugusa taarifa za mtoto, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake. Kama shule inaweza kuitwa kujibu kwa picha chache, mwenye jukwaa lililobeba picha za mamilioni ya watoto wetu naye anaitika.

Peleka malalamiko yako kwa maandishi, yabebe pamoja na ya wale wazazi kumi, na udai mambo manne: uhakiki wa umri usiomwachia mtoto kujaza tarehe ya uongo, arifa na video zisizo na kikomo zizimwe kwa watoto tangu mwanzo, wachujaji wanaojua Kiswahili na Sheng, na faini inayohesabiwa kwa mapato ya dunia nzima. Wakenya watapiga kura Agosti 2027. Mgombea akija uwanjani kwenu kuomba ubunge, usimuulize barabara peke yake. Muulize sheria hiyo ataipeleka bungeni mwezi gani, na uandike jibu lake kwenye daftari.