Sifa za Ukinzani

Wapo wanaousifu mkondo wa umeme kwa wepesi wake, na wapo wanaoisifu betri kwa nguvu zake, lakini sijapata kusikia mtu aliyesimama hadharani akautaja kwa heri ukinzani, ule ukaidi uliomo ndani ya waya, ambao mafundi huulaani, wahasibu wa umeme huuandika katika safu ya hasara, na watahiniwa wa fizikia huuogopa kuliko msimamizi mwenyewe. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha, nami najitolea kuwa wakili wake.

Nianze na nasaba, kwani kwetu mtu hasifiwi kabla ya kuulizwa wazee wake. Aliyeutambulisha kwa walimwengu ni Georg Simon Ohm, mwana wa fundi vitasa wa Erlangen na mwalimu wa skuli mjini Köln, ambaye, alipoona betri za zama zake zinayumba kiasi cha kutoaminika, aliunganisha shaba na bismuti, kiungo kimoja akakitia katika maji yachemkayo na cha pili katika barafu, akapata mkondo uliotulia, ndipo akaupima ukaidi wa waya mmoja baada ya mwingine. Alipotoa kitabu chake mwaka 1827, wenye elimu nchini mwake walikipokea kwa baridi kuipita ile barafu, hata akaacha kazi. Nishani ya Copley ilimfika mwaka 1841, tena kutoka London, si kwao.

Sasa na tuingie maabara siku ya mtihani wa vitendo. Mezani pana waya wa nikromu uliolazwa juu ya rula ya mita moja, seli kavu mbili, swichi, ammita na voltmita. Nikromu, kwa urefu na unene ule ule, hukaidi zaidi ya mara 60 kuliko shaba, lakini ni ukaidi wenye uaminifu: mtahiniwa agusa sentimita 20, asoma, ahamia 40, ukinzani umekuwa maradufu, ahamia 60, umekuwa mara tatu, wala haukudai bakshishi. Kwa furaha mtoto asahau kuzima swichi. Waya wapata moto hata wababua kidole, seli zachoka, sindano ya ammita yateremka kidogo kidogo, naye aapa kwamba ukinzani umemhini, ilhali katika kadhia nzima ni huo tu ambao haukubadilika ila kwa kiasi kidogo mno.

Meza ya jirani yupo ndugu yake, yaani ukaidi wa vitu vinavyokataa kuanguka. Kasha lililoinamishwa hurudi chini kwa kishindo maadamu mstari ushukao wima kutoka kitovu cha uzito wake haujatoka nje ya kitako. Ukitoka hata kwa unywele, kasha laenda. Rula iliyowekwa juu ya makali ya kisu haina kitako cha kutajika, ndiyo maana humtoa mtahiniwa jasho, na feni ya dari (iliyowashwa kwa kumhurumia) humzidishia msiba.

Fadhila za mteja wangu hazifichiki. Pasi inyooshayo kanzu ya Ijumaa, birika la umeme na jiko la koili vyote vinakula kwa jasho lake, maana mkondo usiopingwa hauachi joto. Na ukiuongeza mkondo mara mbili, joto laongezeka mara nne. Maadui wake nao wamehangaika sana. Mwaka 1911, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kuufukuza kutoka katika zebaki, lakini ilimlazimu kuipoza hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Ni mtukufu gani mwingine ambaye kumtoa nyumbani mwake kwahitaji taabu hiyo?

Basi wewe utakayeketi mbele ya waya huo, upe heshima yake: washa swichi, soma ammita, zima, ndipo uandike. Tena zisugue ncha za waya kwa msasa na kuvikaza viungo kabla ya kuanza, kwani kutu nayo hukinza, na hiyo mimi siitetei.