Heko kwa Eakilina Chafu

Saa kumi na mbili asubuhi, Makambako. Upepo unapenya koti mpaka kwenye mbavu. Utingo anashuka kwenye semi akiwa amejitanda shuka, anazunguka nyuma ya kichwa cha gari, anafyatua vibanio vya mfuniko na kuchomoa mtungi wa karatasi iliyokunjwakunjwa, mkubwa kama ndoo. Anaupiga kwenye tairi: pu, pu, pu. Wingu la rangi ya matofali linamfunika hadi magotini, kisha upepo unalichukua kuelekea Njombe. Anachungulia ndani ya mtungi, anakohoa, anaurudisha mahali pake. "Suka, freshi!" Injini inawaka, na safari ya Tunduma inaendelea.

Ni huo mtungi, eakilina, chujio la hewa ya injini, ninaotaka kuusifu leo. Kila kiungo cha gari kimeshapata wa kukisifia. Honi ina wapenzi wake, taa za pembeni zina wapenzi wake, na nyuma ya tela watu wameandika kila kitu kuanzia aya za Biblia hadi vijembe vya mke mdogo. Hata usukani huvalishwa manyoya. Eakilina peke yake ndiyo haijawahi kuimbiwa na mtu, wala sijaona bampa lenye jina lake. Inajificha gizani ndani ya sanduku jeusi, inakula vumbi, na siku ikitolewa nje inatolewa ili ipigwe.

Isisemwe kwamba haina ukoo. Babu yake ni lile bakuli la oili lililokuwa kwenye Land Rover 109 na malori ya zamani. Hewa ilikuwa inaingia, inageuzwa ghafla juu ya oili, vumbi zito linashindwa kukata kona na kutumbukia. Dereva alikuwa anamwaga tope, anatia oili nyingine, basi. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ilijikuta inayahitaji kutoka upande mwingine, na upande huo ulikuwa huku kwetu. Malori yakabeba mapipa kutoka Dar es Salaam, yakapanda mlima wa Kitonga, yakapita Iringa na Mbeya kwenye barabara ya udongo ambayo madereva waliibatiza njia ya jehanamu. Masika tope, kiangazi vumbi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuja 1968, lami ikafuata, reli ya TAZARA ikakamilika 1975, na kila kimoja kilipata sherehe na hotuba. Lakini miaka ile ya mwanzo, kabla ya bomba na reli, ni nani aliyesimama kati ya injini na mavumbi yale yote? Hakuna aliyelikumbuka bakuli kwenye hotuba.

Nami nakiri dhambi yangu, maana msifu asiyewahi kumkosea anayemsifu hana uzito. Mwaka juzi niliingia duka moja la vipuri pale Mbeya, duka silitaji, kununua taa ya nyuma ya pikapu yangu. Ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli isiyo na tabo. Kijana wa kaunta akaitazama kupitia mlangoni kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. "Mzee," akasema, "gari lako linapumulia pua moja. Hiki hapa kitalifungua kifua." Akaniwekea mezani bomba la alumini linalong'aa, limefungwa mwishoni chujio jekundu lenye umbo la pia. Kinaitwa kifaa cha hewa baridi. Hewa baridi ni nzito, akanieleza, ina oksijeni nyingi, basi injini inapata nguvu. Farasi kumi wa ziada, mzee, bila kufungua injini. Nililipa fedha ya magunia sita ya viazi. Nyumbani mke wangu aliuliza swali moja tu: hao farasi kumi watalala wapi, wakati banda la kuku lenyewe linavuja?

Lile somo la kijana halikuwa uongo. Hewa baridi ni nzito kweli. Kilichonipita ni kwamba nilikuwa nanunua hewa baridi nikiwa Nyanda za Juu Kusini. Kumuuzia mtu wa Mafinga hewa baridi mwezi wa Julai ni sawa na kumuuzia Mnyakyusa ndizi. Tena ningefungua boneti kwa utulivu ningeona kwamba mdomo wa lile sanduku la kiwandani haukuelekezwa kwenye injini hata kidogo. Umepenyezwa kwenye fenda, unavuta hewa ya nje, hewa ileile inayotutetemesha. Wajapani walishanipa kifaa cha hewa baridi siku gari lilipotoka kiwandani, wala hawakunitoza ziada. Kifaa changu kipya, kwa kuwa kilikaa wazi mle ndani karibu na injini, kilikuwa kinakunywa hewa iliyokwisha kuchemshwa na rejeta.

Na tatizo la injini zetu huku halikuwa joto la hewa hata siku moja. Ni uchache wake. Mbeya mjini iko kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, na ukilinganisha na Dar es Salaam kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 18. Ndiyo maana gari lisilo na tabo linakuja kutoka pwani likiwa na majigambo, likifika Uyole linazungumza kwa adabu. Bomba la alumini, hata uling'arishe namna gani, haliwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Tabo inaweza, kwa sababu inaisukuma kwa nguvu. Kwa gari la petroli linalokimbizwa kwenye mashindano, injini ikizungushwa mpaka mwisho, vifaa hivi huweza kuongeza farasi wachache, nao hujulikana kwa kupimwa kwenye mashine. Huko kwao Marekani, jimbo la California linataka kila kifaa cha namna hii kiwe na namba ya idhini kabla ya kutumika barabarani. Huku kwetu idhini anatoa kijana wa kaunta.

Nisije nikaonekana mchoyo wa fadhila: kifaa kile kilinipa kelele. Kilinguruma. Nilipoondoka taa za Mafiati watoto waligeuka, na kwa wiki nzima nilikuwa nakanyaga mafuta pasipokuwa na sababu ili nijisikilize. Kisha nikashuka nacho Dar es Salaam, na wakati wa kurudi nikakipeleka Kitonga. Gia ya pili, mguu umegota kwenye bodi, ngurumo imejaa bonde zima, nyani wananitazama kutoka kwenye kingo. Fuso lililojaa magodoro likanipita polepole, kimya, likitoa moshi wake wa kawaida. Utingo wake akaniangalia kwa huruma. Ndani ya Fuso lile, nina hakika, kulikuwa na eakilina chafu iliyokuwa inafanya kazi yake bila kumtaarifu mtu.

Septemba nilipita barabara ya vumbi ya Madibira. Wanaolijua bonde la Usangu wakati wa kiangazi hawahitaji maelezo. Vumbi lake ni laini kama poda ya mtoto, linaelea nyuma ya gari la mbele yako dakika nzima baada ya gari lenyewe kupotea. Niliporudi Mbeya injini ilikuwa na kikohozi, nikaipeleka Mwanjelwa kwa fundi wangu, mzee wa Tukuyu ambaye hasemi neno mpaka ashike kitu mkononi. Akalegeza klipu, akavua lile bomba, akaingiza kidole kwa ndani, upande wa pili wa chujio, upande ambao ulipaswa kuwa msafi kama sahani ya mgeni. Kidole kikatoka na unga wa kijivu. Hakuniambia kitu. Akaushika mkono wangu, akanipaka ule unga kwenye ukucha wa dole gumba na kuusugua mara mbili. Ukucha ulichanika mistari.

"Huu ni msasa, mzee," akasema. "Umekuwa unaipiga injini msasa."

Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha ringi na slivu. Chembe zikishaingia kwenye silinda zinakwenda juu na chini pamoja na pistoni, maelfu ya safari kwa dakika, zikichora. Mgandamizo unaanza kuvuja, gari linakula oili, moshi unageuka bluu, na asubuhi za Juni unawakuta watu wanalisukuma. Ile siri ya "kupumua vizuri" iliyonigharimu magunia sita ilikuwa kwamba kifaa kilikuwa kinapitisha kila kitu: hewa, vumbi, na pengine mbu. Na hesabu yake si ndogo. Lita moja ya dizeli haiungui bila hewa ya lita zisizopungua elfu kumi. Tanki la lita 60 likiisha, lita laki sita za hewa ya Usangu zimekwisha kupita mlangoni. Mlinzi wa mlango huo unataka awe nani, mwenye suti nyekundu anayemkaribisha kila mtu, au mzee mwenye koti chafu anayeuliza "wewe mtoto wa nani?"

Ndipo nilipolikumbuka sanduku langu la zamani. Lilikuwa stoo, na ndani yake, juu ya eakilina yenyewe, kuku alikuwa ameatamia mayai tisa. Mke wangu akakataa asiguswe. Kuku huatamia siku 21. Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Nilikwenda kazini kwa bajaji siku kumi na moja, gari likiwa juu ya mawe, nikisubiri vifaranga watoke ndipo injini yangu ipate kupumua. Sijui kama kuna kipuri kingine cha Toyota chenye utumishi wa namna hiyo.

Fundi alipoikung'uta ile karatasi kuukuu juu ya gazeti, tulisimama kuitazama kama watu wanaosoma pasipoti ya msafiri. Udongo mwekundu, huo wa barabara ya Chunya. Pumba za mpunga, Igurusi. Unga wa mbao wenye harufu ya msonobari, Mafinga, siku ile nilipokwenda kununua kenchi. Bawa la kumbikumbi. Unyoya wa kuku, huo tunaujua. Mguu mmoja wa panzi ambaye sehemu zake nyingine hazikuonekana. Safari zangu za miaka miwili zilikuwa pale zimepangwa tabaka kwa tabaka, na hakuna hata moja iliyofika kwenye pistoni. Kule Kalenga, Chifu Mkwawa aliuweka ukuta wa boma lake ukasimama mpaka Oktoba 1894, Wajerumani walipokuja na mizinga. Ukuta wangu ulivunjwa kwa bisibisi moja, na aliyeishika ni mimi mwenyewe.

Sasa niseme neno ambalo wauza vifaa hawalipendi. Uchafu wa eakilina si aibu yake, ni sehemu ya kazi yake. Karatasi mpya ina matundu wazi, na chembe ndogo kabisa hupenya. Vumbi la kwanza likishatulia, linaziba mianya na kuwa chujio juu ya chujio. Eakilina iliyochafuka kiasi huzuia vumbi kuliko ile iliyotoka dukani asubuhi ya leo. Ni kitu gani kingine kwenye gari kinachofanya kazi vizuri zaidi kadiri kinavyodharauliwa? Na anayeichomoa kila siku kuipuliza kwa kompresa, akiamini anaitendea wema, huitoboa. Tundu dogo usiloliona linatosha kuharibu kila kitu. Hata yale mapigo ya tairini yanapinda mdomo wake, ila nani atamwambia utingo saa kumi na mbili asubuhi pale Makambako?

Kweli, nayo ina kikomo, kama mzee yeyote. Ikishaziba kabisa, gari linatoa moshi mweusi, linanyong'onyea mlimani na kunywa dizeli kama limeahidiwa kulipiwa. Malori mengi yana kioo kidogo kwenye bomba la hewa kinachogeuka chekundu siku hiyo ikifika. Hapo itoe, ishukuru, uweke nyingine ya karatasi, ya bei ya kawaida, inayokaa sawasawa kwenye sanduku lake na kubanwa mpira wake vizuri. Ndaga, yaani asante, kama alivyosema fundi wangu alipopokea hela yake.

Pikapu imerudi kwenye utaratibu wake. Kitonga inapanda kwa gia ileile na kwa mwendo uleule iliokuwa nao na bomba linalong'aa, isipokuwa sasa naweza kusikiliza redio. Bomba lenyewe lipo stoo, halina hata mkwaruzo, pamoja na lile chujio jekundu na klipu zake zote. Kuku amelikagua, amelikataa. Mwenye kulitaka aje Uyole na gunia moja la viazi, na lisiwe la kipimo halali: nataka lumbesa.