Yaliyonikosa Novemba

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nimenunua daftari hili asubuhi hapa Omurushaka. Mwezi wa nane tulimzika mwenzetu wa kijiweni. Msibani kila mmoja wetu alikumbuka kuwa kanyagio la breki la pikipiki yake lilikuwa linazama mpaka chini, na lilianza wiki mbili kabla ya kifo chake. Mimi mwenyewe nilimwona akilikanyaga mara mbili ndipo lishike. Sikumwambia kitu. Kijiweni tunawataja waliokufa na waliovunjika. Jambo lililokukosa kwa hatua moja halina pa kukaa, jioni limeshasahaulika. Humu nitaandika yaliyonikosa.

La leo: saa kumi na mbili na nusu, naelekea Kayanga, ukungu umejaa bondeni. Mbele yangu kulikuwa na baiskeli ya ndizi, mikungu minne, mwenyewe anaisukuma kupanda mlima. Niliiona zimebaki hatua tano. Nilipokwepa, mkungu wa pembeni ulinigonga gotini. Mwenye baiskeli akasema, "Pole, waitu," kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Taa yangu ilikuwa imewaka kali. Ukungu huurudisha mwanga mkali machoni pa dereva mwenyewe. Taa iliyoinamishwa ndiyo inayoonyesha njia. Nalijua hilo tangu nianze kazi. Goti limevimba kidogo.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua ya dakika kumi ni mbaya kuliko ya usiku kucha. Ya usiku kucha huosha barabara. Ya dakika kumi hulowesha vumbi la juu tu, udongo mwekundu ukawa kama umepakwa mafuta. Nilikuwa natoka Nkwenda kuingia kijijini na mzee aliyevaa koti la kanisani. Tulipofika mgongoni mwa kilima, pale upepo unapopiga kutoka upande wa Rwanda, pikipiki ilivutwa kulia kwa nguvu ambayo sikuielewa. Tairi la nyuma likahama. Nilitia mguu chini, tukasimama kwenye majani.

Mzee alikuwa amefungua mwavuli nyuma yangu.

"Mzee wangu, mwavuli utatuua."

"Kijana, koti hili ni moja."

Tulikaa kwenye baraza ya duka mpaka mvua ikakatika, kama dakika ishirini na tano. Aliniambia alivyokuwa akienda Kayanga kwa miguu kwa kila jambo la serikali, kabla Kyerwa haijawa wilaya mwaka 2012. Nilimwelewa kuhusu koti. Kuanzia leo, mawingu yakiwepo, nitamwambia abiria kabla hajapanda: mvua ikija tunasimama, na nauli haiongezeki.

Jumatano, 13 Novemba

Mama mmoja alikaa upande, mtoto mgongoni, kitenge cha pili begani. Nilitazama mtoto, sikutazama kitenge. Ncha yake iliingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Tulikuwa tunapanda kwa gia ya kwanza, kwa hiyo nilisikia uzito kabla ya kusikia kelele, nikashika breki. Kitenge kilikuwa kimejizungusha kwenye ekseli mara tatu, nacho kilikuwa kimefungwa kifuani mwake kwa fundo. Zilibaki kama sentimita arobaini.

Nilikikata kwa kisu. Alilia, maana alipewa na mama yake siku ya sendofu. Sikuwa na la kumwambia. Tungekuwa tunateremka, kingemvuta chini yeye na mtoto kabla sijageuza shingo. Sikumtoza nauli. Jioni nimefunga wavu wa plastiki pembeni mwa gurudumu, pande zote mbili, kwa waya. Unafanana na uzio wa kuku lakini vidole havipiti.

Alhamisi, 14 Novemba

Senene wameanguka. Watu wamewasha taa kali kando ya barabara, wamesimamisha mabati na mapipa chini yake, na usiku umekuwa mweupe kama mchana. Nawapenda senene, mke wangu amekaanga nusu sado jana. Ila kwa anayeendesha, mwezi huu una mambo mawili. La kwanza, ukitoka kwenye mwanga ule ukaingia gizani, kwa muda huoni kitu, hata mtu aliyevaa shati jeupe. La pili ni senene mwenyewe. Leo saa mbili usiku mmoja alinipiga kwenye jicho la kushoto. Macho yote mawili yakafumba. Fuso lilikuwa linakuja. Nilihesabu kichwani, moja, mbili, nikafungua la kulia, taa za Fuso zilikuwa bado upande wake na mimi bado upande wangu.

Kofia yangu ilikuwa na kioo cha uso. Nilikiondoa mwezi wa sita kwa sababu kilikuwa na michubuko, kila taa ikawa inachanua kama kitu kilichopasuka. Badala ya kununua kingine nilikaa bila. Shilingi elfu sita.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimenunua kioo.

Mchana nilimpeleka mwalimu wa historia Kaisho. Alipanda, nikampa kofia ya abiria, akaivaa bila kuuliza, akafunga mkanda wa kidevuni. Ni wa kwanza mwezi huu. Nilimuuliza kwa nini haoni kinyaa kama wengine. Akanieleza habari za Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana Uarabuni vita vya kwanza vya dunia. Mei 1935 alikuwa kwenye pikipiki karibu na nyumbani kwake, akawakuta watoto wawili wa kiume kwenye baiskeli mahali barabara inapobonyea. Akawakwepa, akaruka, akaanguka kichwa wazi. Alilala siku sita bila fahamu, akafa. Kati ya madaktari walioitwa alikuwemo mpasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Yeye hakuiacha habari ile. Vita vya pili vilipoanza alihesabu: katika miezi 21 ya mwanzo waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani Uingereza. Akaandika mwaka 1941 kuhusu wale waliovaa kofia ngumu na namna vichwa vyao vilivyopona. Mwaka huohuo jeshi likaamuru askari wake wa pikipiki wavae. Raia wa Uingereza wakalazimishwa na sheria mwaka 1973.

Nilifikiria baiskeli ya Jumatatu njia nzima ya kurudi. Ni bonde lilelile, na baiskeli ileile.

Mwalimu alinionyesha na kitu kwenye simu. Watafiti walikusanya tafiti za nchi nyingi wakazipima pamoja, mwaka 2008. Kofia hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nimeziandika namba hizo nyuma ya jalada. Kofia ya abiria imening'inia kwenye usukani wangu miaka miwili, sanasana abiria huivaa tukikaribia trafiki. Watu wanakataa kwa sababu ya nywele walizosuka, jasho la mwingine, na chawa. Hizo ni sababu za kweli. Nimekwenda kwa fundi cherehani, ameniahidi vitambaa kumi vya pamba vya kuvaa chini ya kofia. Kila abiria na chake, jioni vinafuliwa.

Jumapili, 17 Novemba

Redioni tangu jana ni ghorofa lililoanguka Kariakoo. Tumesikiliza tukiwa tumesimama.

Mwalimu alikuwa ameniambia kuwa tangu mwaka 2005 Umoja wa Mataifa umeifanya Jumapili ya tatu ya Novemba kuwa ya kuwakumbuka waliokufa kwa ajali za barabarani. Nilimwendea mwinjilisti kabla ya ibada, nikamwomba aitaje. Aliitaja baada ya kuwaombea wa Kariakoo. Akasema aliyepoteza mtu barabarani asimame. Nilidhani atasimama mjane wa mwenzetu na watu wawili watatu. Benchi letu lilisimama karibu lote. Mwanamke ninayempeleka gulioni kila wiki alisimama, wala hajawahi kuniambia.

Baada ya ibada mjane aliniuliza kama kweli breki ilikuwa mbovu. Nilimwambia ndiyo. Akauliza kama tulijua. Nilimwambia tulijua. Alishika mkono wa mtoto wake, wakaondoka. Nimeandika hili kwa sababu nilisema nitaandika.

Jumanne, 19 Novemba

Ng'ombe wa pembe ndefu, kama thelathini, walikuwa wanavuka barabara, mchungaji wao mtoto wa miaka kumi hivi. Nilisimama, nikazima injini. Wawili waliobaki nyuma waliharakisha, mmoja akapita karibu yangu akigeuza kichwa, pembe ikachukua kioo cha kushoto kizima. Pembe ile ilipita usawa wa mbavu zangu. Mtoto alikimbia akiogopa kupigwa. Nilimwita, nikamwambia kioo kinanunuliwa. Nilikuwa nimesimama mahali sahihi, ila karibu mno. Ng'ombe hawa wanahitaji nafasi ya pembe zao, si ya miili yao tu.

Alhamisi, 21 Novemba

Murongo, na magunia mawili ya maharage. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hausikii. Nililifunga gunia la juu upya mara mbili njiani.

Kuna mteremko mrefu kabla ya kufika mtoni. Tangu zamani huwa naweka nyutro, nazima injini, nateremka kimya mpaka chini. Wote tunafanya hivyo, mafuta ni ghali. Leo katikati ya mteremko nilisikia harufu ya breki kuungua, kisha kanyagio likalegea. Nilirudisha gia ya tatu, ya pili, injini ikapiga kelele ikaanza kuvuta. Nilisimama karibu na wauza mihogo, nikamwaga maji ya kunywa kwenye habu ya gurudumu. Yalichemka.

Injini ikiwa kwenye gia hushika pikipiki yenyewe. Ukiizima, uzito wako, wa pikipiki na wa maharage unabebwa na vipande viwili vya breki vyenye unene wa kidole kidogo, tena vikishapata moto havishiki. Nilikaa nikiutazama mto Kagera na ng'ambo ya Kikagati, magari ya Uganda yanakwenda na kurudi, mpaka mikono ikatulia. Mafuta ninayookoa kwenye mteremko ule hayafiki nusu lita.

Nilirudi usiku. Baada ya Isingiro nilisinzia. Sijui kwa muda gani. Niliamshwa na mtikisiko wa changarawe za pembeni. Nilikuwa nimeanza kazi saa kumi na moja alfajiri kwa sababu hesabu ya tajiri, mwenye pikipiki, ni elfu kumi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na wiki hizi mbili nilimbakiza elfu nane za baraza, kioo na kitenge. Nimelala kwa saa mbili kwenye benchi la kibanda cha chipsi, mwenye kibanda akinilindia pikipiki. Naamini hesabu isiyojua mvua inaua watu wengi kuliko mwendo kasi, na nitamwambia tajiri hivyo nikimpelekea pesa yake.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemwambia. Alisikiliza. Alisema naye ana mkopo. Amekubali siku ya mvua kubwa iwe elfu sita, na breki shuu zinunuliwe na yeye. Fundi ameziweka leo. Za zamani zilikuwa zimebaki chuma.

Mchana wanafunzi watatu walitaka niwapakie pamoja, wana mia tano mia tano na wingu lilikuwa jeusi. Nilikataa mshikaki. Nikampakia mdogo, wawili wakatembea. Mvua iliwakuta njiani. Niliporudi kuwafuata walikuwa wameshapanda kwa mwingine, wote wawili, bila kofia.

Jumamosi, 23 Novemba

Kijana wa kijiweni, mwaka wake wa kwanza barabarani, aliingia leo saa tisa na abiria. Nilisimama kumpokea mzigo. Nilimwona akikanyaga breki. Kanyagio lilizama. Akakanyaga tena, likashika.

Nilimwambia palepale, mbele ya wote. Alisema anajua, atakwenda kwa fundi wiki ijayo akimaliza mchango wa harusi ya dada yake. Nilimwambia aliyezikwa mwezi wa nane naye alikuwa anajua. Akasema, "Kaka, kila mtu na siku yake." Wengine walinyamaza. Nami nilinyamaza hivyo hivyo mwezi wa nane.

Alipoingia kununua vocha nilichomoa ufunguo wake, nikauweka mfukoni. Alitoka, tukazozana, mwenyekiti wa kijiwe akaja. Hakuniambia niurudishe. Kijana alisema nimemwibia siku, na ni kweli, Jumamosi ndiyo siku yenye pesa. Nilimpa elfu nne nilizokuwa nazo, akazitupa chini. Baadaye nimeambiwa alirudi kuziokota.

Ufunguo uko hapa mezani, kando ya daftari. Amesema atakuja kuuchukua kesho saa kumi na mbili asubuhi. Fundi anafungua saa mbili.