Ombi la Mbio za Kubebwa

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Popote ulipo na msafara wako.

YAH: MWIGOBERO, MUSOMA, KUANDAA MICHEZO YA AFRIKA YA WATU WENYE ULEMAVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote nakupa pole kwa majukumu mazito ya ujenzi wa taifa, hasa lile la kukata utepe. Itifaki imezingatiwa.

Tunajua Accra walifungua dimba Septemba 2023 kwa kuandaa michezo hiyo kwa mara ya kwanza. Tunajua pia kwamba Dar es Salaam ilionja utamu mwishoni mwa 2021, Kombe la Afrika la soka la magongo lilipochezwa nyumbani, timu yetu ya taifa, Tembo Warriors, wakakata tiketi ya Kombe la Dunia na mwaka uliofuata wakafika robo fainali kule Uturuki. Hotuba zilisema watu wenye ulemavu wanaweza. Tulipiga makofi. Hatukuwa tumeuliza.

Sasa ni zamu yetu. AFCON ya 2027 tumewaachia wengine, sisi hii inatutosha. Usituone wadogo, Mheshimiwa. Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948, walianza na watu 16 wenye viti vya magurudumu wakirusha mishale kwenye viwanja vya hospitali. Kumi na sita Mwigobero tunawapata kabla soko halijachangamka. Uwanja wa ufunguzi upo, Karume. Bwawa la kuogelea lipo, linaitwa Ziwa Victoria. Mbio za kuruka viunzi hazihitaji viunzi, mitaro isiyo na mifuniko inatosha.

Lakini ombi langu hasa ni mchezo mmoja mpya, ambao tunaumudu kuliko bara zima: mbio za kubebwa.

Uwanja wake ni mwaloni, kuanzia boti kutoka Kinesi linapogota mchangani hadi nchi kavu. Mchezaji anaanza akiwa amekaa ndani ya boti. Baiskeli yake ya matairi matatu imeshashushwa, inakwenda zake juu ya vichwa vya watu huku mnyororo ukining'inia. Anaruhusiwa kusema maneno mawili tu, "Subiri kidogo," na maneno hayo hayahesabiwi.

Timu ya wabebaji ni vijana wawili ambao mchezaji hajapata kuwaona. Mmoja anapenyeza mikono kwapani, mwingine anadaka miguu. Kila mmoja ana hesabu yake: wa kwapani anainua kwenye "mbili," wa miguuni anangoja "tatu." Katikati ya namba hizo shati linapanda hadi kifuani na ndala moja inabaki ziwani. Ndala ikipotea, pointi mbili. Zikipotea zote, tano.

Mtazamaji naye anaiongezea timu pointi. Akisema "masikini" kwa sauti, moja. Akimuuliza mbebaji, "Huyu anakwenda wapi?" huku mwenyewe anasikia, tatu. Akimtia mchezaji sarafu mfukoni, wakati mchezaji huyo anatoka ng'ambo kudai pesa zake za sato, kumi na kombe. Mbebaji atakayeuliza kwanza, "Nikushike wapi?" timu yake inaondolewa kwa kuharibu ladha ya mchezo. Sidhani kama adhabu hiyo itawahi kutolewa.

Kuna kundi la wanawake pia. Kwao sitaandika kanuni, Mheshimiwa. Mikono ya wabebaji imeshajitungia zake, na huwa hakuna refa anayeona.

Tembo Warriors watakueleza jambo moja la soka lao: mchezaji akiuchezea mpira kwa gongo makusudi, ni faulo, kama aliyeunawa. Kwa kanuni hiyo gongo limepewa heshima ya mkono wa mwenyewe. Huku mwaloni hata mkono wenyewe si wangu. Gunia la dagaa halinyanyuliwi kabla mwenye mali hajaulizwa linakwenda wapi na kwa bei gani. Mimi nina mdomo, nauli nimelipa, jina langu linajulikana soko zima, na bado nanyanyuliwa kwanza.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Watoto waliozaliwa mwaka ule ndio wanaonibeba leo, na wamekua vizuri, wana nguvu. Miaka yote hiyo mmekuja Siku ya Watu Wenye Ulemavu, Desemba baada ya Desemba, mkiwa na fulana zenye maandishi mapya, mkatupanga mbele ya kamera wenye viti mbele na wenye magongo nyuma, mkatuita mashujaa, na jioni ile ile shujaa akarudishwa botini akiwa ameshikwa kwapa. Nimechoka kuwa shujaa. Nataka kushuka kwenye boti nikiwa nimevaa ndala zote mbili.

Samahani, Mheshimiwa. Nirudi kwenye itifaki.

Maombi mengine ni madogo. Mkalimani wa lugha ya alama asimamishwe nyuma ya spika lile kubwa, kama kawaida. Jukwaa la medali liwe na ngazi tatu, tusije tukajisahau. Choo kiwe na mlango mwembamba. Na msituletee tena viti vile vya hospitali vyenye vigurudumu vidogo mbele. Mchangani vinazama kabla mpiga picha wako hajafunga begi lake.

Kuhusu ufunguzi, tunapendekeza uingie kwa maji kutokea Kinesi. Vijana wawili wameshateuliwa. Ukisema "Subirini kidogo," tutakusikia vizuri sana.

Endapo ratiba yako haitaruhusu kubebwa, ipo njia mbadala: gati dogo linalofikia ubavu wa boti, na mteremko wa zege kutoka hapo hadi barabarani, wenye upana wa baiskeli moja ya matairi matatu na bomba la kushikilia. Ukijengwa huo, mchezo wetu utakosa washiriki na ombi hili nitaliondoa kwa maandishi. Utepe hatutakunyima. Ila siku hiyo nitapita kwanza, nikiendesha mwenyewe, na wewe utasubiri kidogo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mbebwaji mzoefu,
Mwigobero, Musoma.

Nakala: Mpiga picha wako.