Pongo Akiruka Ua wa Jirani

Tuanze kwa kusafisha jina lako. Wewe si mwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na wewe ni raia mwema. Unachofanya saa kumi na moja alfajiri, na mbwa watano na panga, ni kwenda kukata majani ya ng'ombe. Ikiwa mbwa wamekutana na pongo, yule swara wa msituni mwenye madoa, aliyeshuka kutoka msitu wa Mau kula maharagwe yako, hayo ni mambo ya mbwa na pongo. Jizoeze kulisema hili mpaka mkeo aache kucheka.

Hatua ya kwanza. Pongo kaumia mguu, karuka ua wa kayaba, yuko kwa jirani. Simama hapo hapo! Kuruka ua ni wizi. Kupitia langoni na kupiga hodi ni ujirani, hata kama ni saa kumi na mbili kasoro na gambuti zako zina damu. Zipanguse kwenye nyasi zenye umande. Zunguka taratibu, ila usizidishe utaratibu: kila dakika unayozunguka, jirani ananoa kisu.

Hatua ya pili. Usimtaje pongo. Uliza viazi vimeponaje na baridi ya jana. Lalamikia bei ya maziwa. Mwite "mzee" hata kama mlisoma darasa moja. Naye atakujibu kwa upole mwingi, akiwa amesimama mahali pasipo na sababu ya mtu kusimama, kati yako na banda la kuni. Tazama chini. Kwenye jani la nje la kabeji, katikati ya matone ya umande, kuna tone moja jekundu ambalo halijaganda. Atalifunika jani hilo kwa ncha ya kiatu, huku akisema mvua mwaka huu imechelewa. Sema ndiyo, imechelewa. Kisha nusa: kitunguu kinakaangwa kabla ya jua kuchomoza, na leo si sikukuu ya mtu.

Hatua ya tatu, madai. Hapa wengi huharibu kwa kukimbilia historia, na historia ya hapa Njoro haitakusaidia. Lodi Delamere, mlowezi Mwingereza, alipewa hapa ekari 100,000 mwaka wa 1903. Mnyama aliyejeruhiwa kwake angekufa kwa uzee kabla ya kuufikia mpaka, kwa hiyo adabu ya uani hakuihitaji. Beryl Markham, rubani na mwandishi aliyekulia papa hapa, alisimulia katika kitabu chake cha 1942 jinsi alivyowinda ngiri utotoni pamoja na murani, na ulimwengu ukampigia makofi. Wewe usiandike hata ujumbe wa WhatsApp. Ukitaka adabu ya kweli, waulize Waogiek wa Nessuit na Mariashoni, walioigawana Mau kwa koo kabla bikoni ya kwanza ya mpaka haijachimbiwa, na ambao mwaka wa 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliamua kwamba serikali iliwakosea. Lakini mwongozo huu haukuandikiwa watu wenye adabu.

Dai hivi: "Mzee, mbwa wangu wamechoka sana leo." Basi. Ameshaelewa kuwa unataka paja. Atasema, "Na kabeji zangu zimekanyagwa." Hapo anataka mapaja yote mawili. Kubali paja moja na nusu ya ini, na ushukuru kama aliyepewa ng'ombe. Ngozi mwachie. Ngozi ni ushahidi, na ushahidi hukaa vizuri kwa mwenye tamaa.

Usiuze hata kipande. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilimwekea anayewinda kitoweo faini ya kuanzia shilingi 30,000 au miezi 6 ndani, yaani mbuzi watatu wa haki. Kwa muuzaji, hesabu ilianzia 200,000 au mwaka mzima. Gawa tu, tena anza na mjumbe wa Nyumba Kumi. Apewe mbavu, na azile pale pale mkimwona.

Hatua ya mwisho huja na Land Cruiser ya KWS, shirika la wanyamapori. Mpaka adhuhuri pongo alikuwa wako kwa sababu mbwa ni wako, na wa jirani kwa sababu shamba ni lake. Sasa mwonyeshe askari bikoni. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Alianguka hatua tatu upande wa mzee. Jirani ataanza kuhesabu kutoka upande wa pili, kwa miguu mirefu kuliko uliyowahi kumwona nayo. Usimkasirikie, anafuata mwongozo huu huu. Na mbwa atakapotoka nyuma ya banda na kwato mdomoni, akaja moja kwa moja kukulalia miguuni, mtazame kwa mshangao, kisha mwulize jirani huyu mbwa ni wa nani.