Jinsi ya Kuajiri Bakteria: Mwongozo kwa Tumbo la Mchimbaji

Ndugu yangu wa Nyarugusu, Katoro na Kahama! Tumbo lako ni duara la machimbo lenye vibarua wasiohesabika, nao ni bakteria. Wanakusaidia kusaga chakula na kuwazuia wavamizi wasipige kambi. Lakini kila likinguruma, mbio duka la dawa kununua rangi mbili, yaani antibayotiki inayofukuza wezi na walinzi kwa pamoja. Haya, jifunze kuajiri upya.

Kwanza, mjue unayemwajiri. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walieleza kuwa probayotiki ni vijidudu hai vinavyoleta faida ya kiafya vikiliwa kwa kiasi cha kutosha. Shika neno "hai". Mtindi ukishaganda ukauchemsha, umeajiri kikosi cha marehemu.

Pili, andaa kambi. Chemsha maziwa, kwani mabichi yanaweza kukuambukiza ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba. Yapoze hadi kidole kivumilie, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri, funika, weka penye joto hadi asubuhi. Kula na michembe ya viazi vitamu: nyuzinyuzi zake ndizo posho ya vibarua.

Tatu, wape kazi wanayoiweza. Baadhi ya probayotiki hupunguza uwezekano wa mtu mzima kuharisha kwa sababu ya antibayotiki. Jirani zetu wa Mwanza, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, walianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GR-1. Utafiti mdogo uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mtindi wenye bakteria huyo ulisaidia zebaki isizidi kupanda katika damu ya wajawazito. Kwa watoto wa shule matokeo hayakuwa dhahiri. Lakini wewe unayechomea dhahabu karibu na sufuria ya ugali, toa zebaki yako jikoni leo hii. Mtindi hautakukinga na moshi wa zebaki.

Nne, usiwape kazi ya daktari. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli. Kipindupindu kinataka ORS na kituo cha afya mara moja. Wataalamu wa tumbo wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2020, walishauri kwamba wagonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) na wa vidonda vya utumbo mpana watumie probayotiki ndani ya majaribio ya kitabibu tu. Mwenye kinga dhaifu sana amwone daktari kabla ya kugusa vidonge vya probayotiki.

Ukiona damu chooni, ukikonda au ukiharisha kwa siku kadhaa, panda bodaboda ukapime. Ukiandikiwa antibayotiki, maliza dozi, na kila kidonge kikishatimiza saa mbili tumboni, kunywa kikombe chako cha mtindi.