Namna ya Kuwa Mweupe Bila Kubadilika Rangi

Umezaliwa India, unakaribia kuolewa, na rangi yako haikuwauliza wakwe kabla ya kuja. Tulia, dada yangu. Mamilioni wamepita njia hii na wengi wamefeli. Wewe utafeli kwa mpango. Fuata hatua hizi saba.

1. Piga hesabu. Wachina husema weupe mmoja hufunika ubaya wa namna tatu. Wajapani wamepandisha dau: kwao ngozi nyeupe huficha kasoro saba. Kaa mbele ya kioo uhesabu zako. Zikiwa tatu, wafuate Wachina. Zikifika saba, hamia kwa Wajapani. Ukiiona ya nane, acha kuhesabu, kanunue bangili.

2. Msingizie mama. Wajawazito India huambiwa wanywe maziwa yenye zafarani ili mtoto atoke mweupe. Zafarani ni ghali kupita viungo vyote sokoni. Basi ukiulizwa kuhusu rangi yako, jibu kwamba mwaka ule nyumbani hali ilikuwa ngumu. Tayari kosa limetoka kwenye ngozi, limehamia kwenye pochi.

3. Likimbie jua. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Tangu kale aliyeungua na jua ni yule aliyeinama shambani, na mweupe ni yule aliyekaa kivulini akihesabiwa magunia. Kazi yako ni kufanana na mwenye magunia, hata kama huna gunia. Jifunze kwa kina mama wa ufukwe wa Qingdao, China: huingia baharini wamevaa kinyago cha kitambaa cha nguo ya kuogelea, kimefunika kichwa hadi shingoni, kimeacha matundu ya macho, pua na mdomo. Weupe wako hautaonekana, ni kweli. Lakini hata mkwe akipita hatakujua, na hiyo peke yake ni nafuu.

4. Chagua nafaka. Katika matangazo ya kutafuta wachumba, Wahindi wana neno lao tamu: rangi ya ngano. Sisi Waswahili tuna maji ya kunde. Wao wamekwenda shamba la pili. Jiandikie ngano bila woga. Ngano ni ile mbichi, ni ile iliyokauka, ni unga uliokobolewa, na ni chapati iliyosahaulika juu ya tawa. Hakuna atakayekuita mwongo. Mwaka 2020 mtandao wa ndoa wa Shaadi.com uliondoa kichujio cha rangi ya ngozi baada ya watu kulalamika. Usishangilie mapema: sasa wataomba picha. Piga asubuhi, karibu na dirisha, na usimame kando ya mjomba anayelima.

5. Iga krimu, usiipake. Fair & Lovely iliingia madukani India mwaka 1975. Katika matangazo yake ya zamani msichana mweusi hakosi kukosa: hana kazi, hana mchumba. Akijipaka, milango yote inafunguka. Mwaka 2020 makelele yalipozidi, kampuni ilifuta neno la weupe kwenye jina, ikaweka la kung'aa: Glow & Lovely. Huo ndio ustadi wenyewe! Ukiaibishwa, badili jina, urudi kwenye rafu ileile. Na kama una kaka, mwambie hakusahaulika. Mwaka 2005 wanaume walipata yao, Fair and Handsome, na aliyekuja kuitangaza ni nyota wa filamu Shah Rukh Khan. Akijipaka asipofanana naye, tatizo ni pua.

6. Feli kwa bei nafuu. Kuna watakaokuuzia kopo lisilo na anwani. Humo mara nyingi mna zebaki, ambayo kweli huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha huendelea na safari hadi kwenye figo. Kujichubua kwa namna hiyo ni kupata uso wa harusi na mwili wa wodi. Wala usidhani kopo lenye anwani ni salama daima: mwaka 2013 kampuni ya Kanebo ya Japani ililazimika kuondoa madukani vipodozi vyake vya weupe, baada ya kuwaachia wateja mabaka. Waliojitokeza na mabaka walipita 19,000. Wewe tumia manjano na unga wa dengu, kama mabibi harusi wengi wa India. Utakuwa wa njano siku mbili, kisha utarudi ulivyokuwa, na figo zako zote mbili zitahudhuria sherehe.

7. Chagua pa kukaa. Siku wakwe wanapokuja kukukagua, utaletwa na sinia ya chai, macho chini, na mama mkwe atakutazama mikono kabla ya uso. Usiende kukaa karibu na taa. Kaa chini ya picha ya mungu Krishna, maana nyumba nyingi za Kihindu hazikosi. Jina lake maana yake ni mweusi, na wachoraji kwa miaka mingi wamemsaidia kwa kumpaka buluu. Mama mkwe atamwinamia kwanza, atamwomba mwanawe apate mke mweupe, kisha atainua macho. Hapo mkaribishe chai. Kama ana neno juu ya weusi, mwache aanze na huyo aliye juu yako.